Siku Aliyokatazwa Kuonja

Wengine wakiambiwa watapasuliwa, huomba siku hiyo isifike. Mama Kiganja yeye aliitamani siku ile kuliko watoto wanavyotamani likizo. Si kwamba hakuogopa kisu. Aliogopa, tena sana tu. Lakini daktari mpasuaji alikuwa amemwambia maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia tangu aolewe: "Ukishafanyiwa, mama, wiki sita usiinue kitu kizito. Usisimame jikoni. Pumzika." Alitoka mle chumbani akicheka peke yake, hadi mlinzi wa getini akamuuliza kulikoni, ameokota nini.

Alikuwa mpishi wa shughuli. Jina la Mama Kiganja alipewa na wapishi wenzake, kwa sababu hakuamini kijiko. Alichota mchuzi kwa upawa, akaudondosha katikati ya kiganja cha kushoto, akalamba, akafumba macho, basi. Akiyafumbua ameshajua kama chumvi imekaa, kama kitunguu kimeiva, na kama aliyekata nyanya alikuwa na hasira. Watu walimfuata toka mitaa ya mbali aje aonje tu. Ila sufuria halijali sifa za mtu. Miaka yote ya kuipua masufuria motoni, yeye akishika upande huu na mwenzake upande ule, ilimtoa kitovu. Ngiri, daktari alisema. Ilianza ndogo, hata haionekani, na sasa ilitokeza chini ya nguo kama yai, na akikohoa au akicheka ilibidi aishike kwa mkono. Daktari alimwonya kwamba siku utumbo ukinasa pale hapatakuwa na kupanga tarehe tena, itakuwa mbio za kufa na kupona.

Mara mbili alikuwa amekwenda na mara mbili alirudishwa. Mara ya kwanza presha ilikuwa juu, na isingempandaje, ameacha nyumbani mtoto mmoja anatapika na mwingine amejifungia chooni. Mara ya pili mashine ya usingizi iligoma, wagonjwa wote wakavua magauni ya hospitali, wakavaa nguo zao, wakaenda zao na njaa zao. Hii ya tatu aliishikilia kwa meno.

Na hapa ndipo anapoingia wifi yake, dada wa mumewe. Binti wa wifi alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili, na wifi alishatangaza mtaa mzima kwamba mpishi ni Mama Kiganja. Alimuuliza mwenyewe? Thubutu! Mtu huliuliza jiko lake kama lina nafasi? Tarehe ya hospitali ilipotoka, wifi alinuna, akavuta midomo, kisha akaja mwenyewe kujitolea kumsindikiza. Hospitali walishasema kwamba upasuaji wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo hawamfanyii mtu asiye na ndugu wa kumrudisha nyumbani, naye baba watoto hakupewa ruhusa kule ghalani anakofanya kazi mpaka alasiri.

"Nitakupeleka mimi," wifi alisema. "Na wakikuahirisha tena, wala usilie. Ndiyo itakuwa vizuri, tumalize kwanza harusi yetu."

Mama Kiganja alimsikia. Alijua vizuri mambo yalivyokaa. Akipasuliwa leo, hakuna wa kumshikisha upawa harusini. Asipopasuliwa, yale masufuria ni yake, na ngiri ni yake, na huo utumbo ukinasa katikati ya shughuli, wageni watakula kwanza ndipo mtu amkumbuke. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha, ni ule ambao mtu anaamka nao, anauvaa pamoja na viatu.

Nesi wa kliniki alishamweleza kila kitu kwa mdomo, polepole. Kuanzia saa sita usiku asile kitu chochote. Maji matupu anywe kidogo mpaka alfajiri, baada ya hapo hata maji basi. Aoge vizuri na asugue kitovu kwa sabuni. Asipake mafuta wala rangi ya kucha, pete na hereni aache nyumbani. Aje na nguo pana isiyobana tumbo. Yote hayo aliyafuata. Usiku alikaa na watoto mezani akawatazama wanakula, yeye akanywa maji yake. Alfajiri akaamka, akabandika sufuria la mchuzi wa nyama ili watu wasishinde na njaa, maana nani mwingine angebandika, akaoga, akatoka. Baba watoto alikuwa bado anakoroma.

Chumba cha wagonjwa wa siku moja kilikuwa na vitanda vya magurudumu vilivyotenganishwa kwa mapazia ya kijani yaliyochakaa kwa kufuliwa. Alipewa gauni lililo wazi mgongoni, na aliyelishona gauni hilo Mungu anamwona. Akalishika nyuma kwa mkono mmoja, mbele akashika ngiri, akapanda kitandani kwa shida zake. Wakamfunga utepe wenye jina lake kwenye kifundo cha mkono, wakampima presha. Safari hii ilikuwa nzuri. Alishusha pumzi.

Kwenye kitanda cha pili, pazia likiwa wazi, alikaa dereva wa lori, mtu wa makamo, aliyekuja kutolewa uvimbe begani. Alikuwa anachezesha funguo za gari kidoleni.

"Nani atakurudisha nyumbani, baba?" nesi alimuuliza.

"Nitajirudisha. Gari nimeliegesha hapo nje."

"Baada ya dawa ya usingizi huendeshi hata baiskeli."

"Sista, mimi nimeendesha gari na homa, na mvua, na taa moja imekufa."

"Leo huendeshi. Piga simu aje mtu wako. Asiye na mtu hapasuliwi."

"Atakuja, atakuja," dereva akasema, akamkonyeza Mama Kiganja kama vile wote wawili wamekula njama.

Kisha yakaanza maswali. Jina lake nani? Akalitaja. Amezaliwa lini? Anakuja kufanyiwa nini? Ngiri ya kitovu. Kuna dawa inayomdhuru? Hakuna. Ana jino la bandia au linalocheza? Hana. Amekula au kunywa chochote tangu saa sita usiku? Maji tu. Nesi wa kwanza alipomaliza akaja wa pili na maswali yaleyale, kisha daktari mpasuaji naye akauliza, akamchora mshale wa wino juu ya kitovu, akaenda.

"Hawa watu hawasemezani?" wifi akanong'ona.

"Tunasemezana, dada," nesi akajibu, kumbe masikio yake yalikuwa pale pale. "Tunauliza sote ili mtu asije akapasuliwa ugonjwa wa mwenzake."

Wa mwisho alikuwa daktari wa usingizi, kijana mrefu ambaye yeye mwenyewe alionekana anauhitaji huo usingizi. Alivuta kiti akakaa, na hilo tu lilimgusa Mama Kiganja, mtu kukaa chini azungumze naye.

"Mama, nitakutia dawa kwenye mshipa, utalala, utaamka kazi imeisha. Hutasikia kitu. Ninachoogopa mimi ni kimoja tu. Ukilala usingizi ule, na koo nalo linalala. Tumboni kukiwa na chakula kikapanda juu, kinaingia mapafuni, na wewe huwezi kukohoa. Watu wamekufa kwa hilo. Ndiyo maana tunakusumbua. Hujala?"

"Sijala, daktari," alisema, na moyoni alikuwa safi kabisa.

Nesi akasema simu na mkoba akabidhiwe msindikizaji, naye akangoje kwenye mabenchi ya nje. Kabla simu haijafika mkononi mwa wifi ikaanza kulia. Alikuwa mtoto wa pili, anauliza soksi za shule ziko wapi. Wifi aliipokea, akatoka nayo, sauti yake ikapotea ukumbini: "Soksi? Mimi nitajuaje soksi zako?"

Nesi akarudi na sinia dogo lenye sindano. Akaushika mkono wa kushoto, akaufunga mpira, akapigapiga mgongo wa mkono kutafuta mshipa. "Kunja ngumi, mama. Haya, fungua." Akakigeuza kiganja, akakitazama. Katikati, pale kwenye bonde la mkono, palikuwa na doa la njano. "Hii nini? Hina?"

Mama Kiganja akakitazama kiganja chake. Yalikuwa manjano, yale ya mchuzi. Na papo hapo moyo ukamlipuka paa! Alijiona jikoni alfajiri, taa haijawashwa, mwanga wa moto tu, upawa mkono wa kulia. Alionja. Bila shaka alionja. Hakukumbuka kuonja, kama vile mtu asivyokumbuka kufunga mlango, lakini doa lilikuwa pale, na mpishi hapati doa mahali pale kwa kuosha vyombo. Miaka yote mkono ule ulikuwa unakwenda mdomoni wenyewe bila kumwomba ruhusa.

"Ndiyo," akasema. "Hina."

"Mbona imepauka hivi?" nesi akasema, akachoma sindano, akabandika plasta, akaondoka.

Alibaki anatazama dari. Hina! Na mtu mzima kama yeye. Lakini jamani, ni tone. Tone la mchuzi linaua nani? Watu wanakula sahani nzima wanalala usingizi na hawafi. Akisema, watamrudisha. Wifi atafurahi hadi jino la mwisho lionekane. Ataambiwa tarehe nyingine, baada ya harusi, na kesho kutwa ataanza kuchambua mchele. Hapana. Leo ni leo. Alikuwa amechoka mno kuwa mkweli, na alijiambia hivyo waziwazi, kwamba mtu aliyechoka ana haki ya kudanganya kidogo.

Ila akili ya mpishi ina mambo yake. Akajiona amekufa. Chakula kimepanda, koo limelala, kwisha kazi. Akauona msiba, watu wamejaa, viti vya kuazima, wifi amejifunga kitambaa kichwani anazunguka huku na huku anauliza, "Jamani, sasa nani atapika?" Akaona masufuria yake mwenyewe yametolewa stoo, na mtu asiyejua kitu anamwaga chumvi kwa kopo. Akaona waombolezaji wanatazamana juu ya sahani. Na mmoja anasema, angekuwepo marehemu, chakula kisingekuwa hivi. Hasira zikampanda! Yaani hata kufa kwake kungekuwa shughuli ya kumlaumu kwa kutokuwepo jikoni?

"Sista!" akaita. "Sista, hebu njoo. Siyo hina."

Nesi alisikiliza, akashika kiuno. Hakumgombeza, ila alitoa pumzi ndefu ambayo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa, akaenda kumwita daktari wa usingizi. Yule kijana akaja, akakitazama kiganja kama anasoma gazeti.

"Ulionja nini?"

"Mchuzi wa nyama."

"Una mafuta?"

"Daktari, mchuzi wangu?"

"Mara ngapi?"

"Sijui. Mara moja, mara tatu. Mpishi hajihesabii."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Alfajiri. Majogoo walikuwa wameshaanza kuwika."

Akafikiri kidogo. "Mafuta ni chakula, hata yakiwa kiganjani. Siwezi kukulaza sasa. Nafasi yako ya asubuhi nampa mwingine. Ukipenda, ngoja hapa mpaka mchana upite, tumbo liwe tupu. Lakini siahidi. Ratiba imejaa, na daktari mpasuaji akimaliza ya mwisho anakwenda hospitali nyingine, hageuki nyuma. Pakipatikana upenyo, tutakufanyia."

Wifi aliitwa, akaelezwa. Alijitia kusikitika, lakini macho yalikuwa yanacheka. "Aa, pole wifi yangu! Haya, vaa basi twende. Nilisema mimi. Tutarudi baada ya harusi, mimi mwenyewe nitakuleta."

"Siondoki."

"Hujasikia? Hawajaahidi."

"Nimesikia. Siondoki."

"Sasa utakaa hapa kutwa nzima unafanya nini?"

Mama Kiganja alifikiri juu ya swali hilo. "Hakuna," akasema. "Nitakaa hapa sifanyi kitu."

Wifi akamtazama kana kwamba amemtukana. Simu ikalia tena mkononi mwake, fundi bomba anauliza aje saa ngapi na ufunguo wa nyuma uko kwa nani. Wifi akatoka nayo anabwata.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mama Kiganja alilala mchana na watu wakiwa macho. Mwanzoni alijilaza kwa wasiwasi, masikio wazi. Aliisikia simu yake kule nje, inalia, inanyamaza, inalia. Kila ilipolia, miguu yake ilitaka kushuka kitandani. Kisha akamsikia wifi: "Sijui! Nimesema sijui! Tafuteni!" Hakuna aliyekuja kumwita. Nesi alipita akamfunika shuka la pili bila kuulizwa, akamtundikia dripu. Njaa ilikuwepo, kiu ilikuwepo, midomo ilimkauka, lakini mwili ulizama godoroni kama gunia lililoshushwa mgongoni mwa mtu. Akakoroma. Nesi alimsimulia baadaye kwamba alikoroma hadi wakafikiri mashine fulani imeharibika.

Yaliyomwamsha ni mabishano. Jua lilikuwa limeshahamia dirisha la upande wa pili. Dereva alikuwa amesimama na gauni lake, na kando yake mchuuzi mwenye boksi la miwani ya jua alilolining'iniza kifuani.

"Huyu hapa ndugu yangu," dereva akasema. "Atanirudisha."

Nesi akamgeukia mwenye miwani. "Huyu mgonjwa ni nani wako?"

"Ni mzee wetu."

"Anaumwa nini?"

Mwenye miwani akamtazama dereva, akatazama dari. "Tumbo," akasema.

Nesi alionyesha mlango kwa kidole, mwenye miwani akala kona na boksi lake. Dereva akabaki anajikuna bega lenye uvimbe, ghafla akaonekana mzee na mpweke. "Sista, sina mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Mke alishaondoka, watoto wako mbali. Nani nimwite?" Nesi naye akalegea, akamwambia arudi wiki ijayo, watamtafutia kitanda alale usiku mmoja palepale hospitali. Lakini leo hapana. Dereva akavaa suruali yake. Alipopita kitandani kwa Mama Kiganja akasimama.

"Dada, nafasi yangu hiyo. Kalale kwa niaba yangu."

Alitaka kumwambia pole, ila wakati huohuo kitanda chake kilianza kusukumwa.

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi. Taa kubwa, watu wenye kofia na barakoa, macho tu. Wakamhamishia kwenye kitanda chembamba, wakamfunga mkanda mapajani, wakambandika vitu vya baridi kifuani, na mashine ikaanza kuupigia moyo wake mlio. Mmoja akasoma jina lake kwa sauti, na anachofanyiwa, na wapi, na wote wakasimama kusikiliza, kisha wakamuuliza yeye mwenyewe aseme. Akasema. Daktari wa usingizi akainama kichwani pake.

"Mama, muda umetimia. Kuna kingine umelamba?"

"Mate yangu tu."

Wakacheka wote, naye akataka kuishika ngiri, akakuta mkono umeshalazwa kwenye ubao. Wakamwekea barakoa inayonuka plastiki. Dawa ilipoingia iliuma kidogo ikipanda mkono.

"Daktari," akasema ndani ya barakoa, "usinipunje. Nilaze vizuri."

Alipoamka, mtu alikuwa anamwita mama, mama, fumbua macho. Koo lilikwaruza. Alitetemeka, wakamletea blanketi. Tumboni palikuwa na maumivu ya kuvuta, kama ngozi imeshonwa fupi kuliko alivyokuja nayo. Akapeleka mkono. Bandeji, bapa. Yai halipo. Kichefuchefu kilimjia, wakamtia dawa ya sindano, kikapita. Wakamkalisha polepole, kichwa kikazunguka, wakamlaza, wakamkalisha tena. Wakampa chai nyepesi na biskuti mbili, wakamwambia haendi nyumbani mpaka akojoe. Akaenda chooni ameshikwa mkono, na alipotoka akasema tayari, nesi akafurahi kama ameshinda mashindano.

Ndipo wifi alipoletwa ndani. Loo! Asubuhi alikuwa amejipamba, na sasa kitambaa kilikuwa kimehamia sikioni na macho yamemwiva. Simu aliishika kwa vidole viwili, mbali na mwili.

"Imekufa chaji," akasema. "Nimeshukuru." Akakaa pembeni ya kitanda. "Wifi, watu wale! Soksi. Ufunguo. Fundi bomba. Mwalimu anasema mtoto hana daftari. Mtu wa gesi. Kaka yangu, tena mtu mzima yule, ananiuliza sukari inakaa wapi, na anaishi mle ndani. Wakimaliza hao, dada zake mchumba wa binti yangu wanauliza mama mpishi amesema mchele upi ununuliwe. Nimekaa kwenye benchi, sijafanya kazi yoyote, mgongo unaniuma kama nimelima." Kisha akauliza, na safari hii hakukuwa na mzaha: "Hivi wewe huwa unakaa lini?"

"Leo," Mama Kiganja akasema.

Nesi alikuja na maelekezo, akampa wifi, siyo mgonjwa, kwa sababu mgonjwa wa siku hiyo husahau. Usiku huu asiachwe peke yake. Asiguse moto, asibebe mtoto, asiamue jambo kubwa. Kidonda kisilowe siku mbili. Dawa za maumivu apewe kabla hayajazidi. Akipata homa, akitapika bila kukoma, kidonda kikivimba au kikitoa usaha, arudishwe mara moja, hata usiku. Wiki ijayo aje aangaliwe. Na wiki sita asiinue kitu kizito.

"Hata sufuria?" wifi akauliza, kinyonge.

"Sufuria ndilo lililomleta hapa."

"Na akikaa tu kwenye kiti, akawa anaonja?"

Nesi akamtazama. Aliendelea kumtazama hadi wifi akainamisha kichwa akaanza kukusanya viatu vya mgonjwa.

Kwenye teksi Mama Kiganja alikumbatia mto tumboni, na kila shimo la barabara alilijua kwa jina. Wifi hakuwa na simu yake siku hiyo, akaazima ya dereva wa teksi, akapiga kwake. "Ni mimi," akasema. "Tafuteni mpishi mwingine. Ndiyo, mwingine. Yeye hapiki. Hapana, hata kuelekeza. Nimesema hapana, mbona wagumu nyie!" Akairudisha simu, akageukia dirishani. Mama Kiganja aliona kwamba mkono wa wifi ulikuwa umeshika pindo la mto wake njia nzima, kuuzuia usiteleze.

Nyumbani lile sufuria la alfajiri lilikuwa tupu, limelambwa, halijaoshwa. Baba watoto alikuwa jikoni mwenyewe, shati limelowa, anapika maharage na wali. Walimlaza chumbani, mlango ukaachwa wazi. Hakukaa sana, mumewe akaingia na upawa unaotoa moshi, mkono wa pili ameukinga chini usidondoshe.

"Pole, mke wangu. Pole sana. Umeamka? Hebu onja kidogo tu, sina hakika na chumvi."

Na mkono wa kushoto, ule wenye plasta mgongoni, ukajifungua wenyewe juu ya shuka, kiganja juu.

Wifi alikuwa anavua viatu ukingoni mwa kitanda. Alinyoosha mkono wake, akauweka juu ya ule wa Mama Kiganja. Maharage yakamdondokea kiganjani yakiwa ya moto, akaruka, akasema "Ala!", kisha akalamba. Akafumba macho kama alivyoona wifi yake akifanya miaka yote. Uso ukamkunjamana, shingo ikakaza, akameza kwa taabu.

"Iko sawa," akasema.

"Kweli?"

"Nimeshakwambia iko sawa. Nenda."

Mume akaenda. Mama Kiganja akamtazama wifi. "Imezidi?"

"Wifi, lala."

Akalala chali, kwa kuwa ubavu haukuwezekana. Baada ya muda mfupi harufu ikaingia chumbani, nyembamba bado, harufu ya wali unaoanza kushika chini. Hakuna mwingine ambaye angeinusa mapema vile. Akafungua mdomo aseme punguzeni moto. Wifi alikuwa anamwangalia. Akaufunga.

Harufu ikanenepa. Kule jikoni mtu akapiga kelele, mfuniko ukaanguka sakafuni ukazunguka na kuzunguka, na mtoto akaita kama anavyoita kila siku, "Mama! Mama yuko wapi?"

Wifi akasimama mlangoni, akajibu kwa sauti iliyojaa nyumba nzima. "Hayupo! Leo mama hayupo!"

Kisha vikasikika vijiko, na mtu akiomba maji, na mtu akiomba tena maji. Machozi yakamtoka Mama Kiganja bila yeye kuyaita, yakateremka pembeni mpaka masikioni. Hakuyafuta. Mkono ulikuwa mzito, na hakukuwa na mtu aliyekuwa akiungojea.